Mwanakondoo wa Ghent na Mikono Iliyompitia

Kwa zaidi ya miaka 60, Mwanakondoo aliyesimama katikati ya mchoro mkubwa wa kanisa kuu la Ghent, nchini Ubelgiji, alionekana na masikio manne. Hakuna mchoraji aliyekusudia hivyo. Mwaka 1951, wataalamu walioongozwa na Paul Coremans walipokuwa wakiusafisha mchoro huo, waliondoa rangi ya kijani iliyokuwa imepakwa kandokando ya kichwa cha mnyama huyo, na chini yake yakajitokeza masikio mawili ambayo hakuna aliyekuwa hai wakati huo aliyewahi kuyaona. Uso wenyewe hawakuugusa, na yale masikio mengine mawili, yaliyochorwa na mkono wa baadaye, nayo yakaachwa mahali pake. Hivyo waumini na watalii wakawa wanasimama mbele ya mnyama mwenye nyuso mbili zilizolaliana, mmoja ukiwa umeufunika mwingine, na wengi wao wakaondoka bila kutambua.

Nilibahatika kuuona mchoro huo wakati nyuso hizo mbili zilipokuwa zikitenganishwa, na tangu wakati huo siingii kanisa lolote la hapa Nairobi bila kujiuliza kuna nini chini ya rangi ninayoitazama. Ndiyo sababu nimeona niandike.

Mchoro wenyewe huitwa Ibada kwa Mwanakondoo, ingawa wengi husema tu Madhabahu ya Ghent. Ulianzwa na Hubert van Eyck, aliyefariki mwaka 1426, ukamalizwa na ndugu yake Jan mwaka 1432, kwa gharama ya tajiri mmoja wa mji huo, Joos Vijd, na mkewe Elisabeth Borluut, ambao nao wamechorwa upande wa nje wakiwa wamepiga magoti. Umeundwa kwa mbao 12 za mwaloni, nane kati yake zikiwa zimechorwa pande zote mbili, kwa sababu zilikusudiwa kufungwa siku za kawaida na kufunguliwa siku za sikukuu. Ukifunguliwa wote, upana wake unapita mita 4 na urefu wake unapita mita 3.

Katikati, sehemu ya chini, kuna uwanda wa majani mabichi, na juu ya uwanda huo kuna madhabahu yenye kitambaa chekundu mbele. Mwanakondoo amesimama juu yake, damu ikimchuruzika kutoka kifuani na kuingia katika kalisi, kile kikombe cha misa. Malaika wamemzunguka, baadhi yao wakiwa wameshika msalaba, misumari na nguzo aliyofungiwa Kristo alipopigwa mijeledi. Kutoka pande zote wanakuja manabii, mitume, mabikira, wafiadini, mahujaji na askari. Mbele ya ile madhabahu yameandikwa kwa Kilatini maneno ya Yohana Mbatizaji, yaliyozaa yale tunayoyaimba katika parokia yetu kila Jumapili kabla ya komunyo: Mwanakondoo wa Mungu, uondoaye dhambi za dunia, utuhurumie. Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya pili, na nimeyaimba maneno hayo tangu utotoni. Kuyakuta yameandikwa juu ya ubao uliochorwa takriban miaka 600 iliyopita, katika nchi ya baridi nisiyokuwa na jamaa ndani yake, kulinigusa kuliko nilivyotazamia.

Nilifika Ghent mwaka 2018, nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu aliyekuwa akisoma Leuven. Wakati huo sehemu ya chini ya mchoro ilikuwa imetolewa kanisani na kupelekwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la mji, ambako chumba kizima kilikuwa kimegeuzwa karakana na kuwekewa ukuta wa kioo ili wageni watazame kazi ikiendelea. Tulishuka treni tukatembea kwa miguu hadi karibu na bustani ya Citadelpark lilipo jumba hilo. Mdogo wangu hakuwa na hamu kubwa.

"Dada, kwa hiyo tumelipa kiingilio ili tuangalie watu wakiwa kazini?" aliniuliza tulipofika mbele ya kioo.

Nilimwambia ndiyo, hasa hicho ndicho nilichokifuata.

Nyuma ya kioo kulikuwa na wanawake kadhaa waliovaa makoti meupe, kila mmoja akiwa ameinamia hadubini iliyoshikiliwa na mkono mrefu wa chuma, taa kali ikiangaza sehemu ndogo tu ya ubao. Aliyekuwa karibu nasi alikuwa akifanya kazi kwenye ukingo wa joho jekundu la mmoja wa waliopiga magoti. Mkono wake wa kulia ulishika kisu chembamba cha upasuaji, na mkono wa kushoto uliukamata ule wa kulia kwenye kifundo cha mkono ili usitikisike. Kisu hakikukwaruza. Kilikuwa kinalazwa karibu sambamba na ubao, kisha kinasukumwa taratibu sana, na mbele ya ncha yake chembe ya rangi iliyofifia ikanyanyuka na kukatika. Aliitoa chembe hiyo kwa brashi ndogo, akatazama, akatulia, akarudia. Tulisimama pale muda mrefu. Sehemu aliyoifungua kwa muda wote huo haikuzidi ukucha wa kidole kidogo, lakini wekundu uliotokea hapo ulikuwa na kina, vivuli vikizama na mwanga ukipanda juu ya kila kunjo la kitambaa, ilhali wekundu wa jirani yake ambao haujaguswa ulikuwa bapa na mzito. Mdogo wangu ndiye aliyeona tofauti hiyo kwanza. Akanishika mkono akaniambia nisogee nitazame kwa pembeni.

Jambo lililowapoteza wataalamu kwa muda mrefu ni nyufa. Rangi ya mafuta ikizeeka juu ya ubao hupasuka nyufa nyembamba zinazosambaa kila upande, na kwa kawaida nyufa hizo ndizo zinazomsaidia mchunguzi kujua rangi ipi ni ya zamani na ipi iliongezwa baadaye, kwa kuwa rangi ya baadaye hutiririka ndani ya nyufa zilizokwishafanyika. Hapa haikuwa hivyo. Rangi ya pili iliongezwa mapema mno, katika karne ya 16, hata ikazeeka pamoja na ile ya chini, ikapasuka palepale ilipopasuka ile ya kwanza. Aliyetazama aliona mchoro mmoja uliozeeka kwa pamoja. Vizazi vya wasomi viliandika juu ya mkono wa Van Eyck huku sehemu kubwa ya walichokuwa wakikisifu ikiwa ni kazi ya watu wengine kabisa.

Ukarabati ulipoanza Oktoba 2012, chini ya taasisi ya taifa ya Ubelgiji ya kuhifadhi urithi wa sanaa, KIK-IRPA, shabaha ilikuwa ya kiasi: kuondoa vanishi zilizogeuka njano na kuimarisha rangi iliyoanza kubanduka. Walianza na upande wa nje. Vanishi zilipotoka, ndipo walipoona kwamba chini yake kuna rangi juu ya rangi, tena kwa eneo kubwa sana. Walitumia hadubini, na Chuo Kikuu cha Antwerp kikaleta mtambo wa eksirei unaopita juu ya ubao nukta kwa nukta na kuchora ramani ya madini yaliyomo katika rangi: risasi iko wapi, shaba iko wapi, zebaki ya rangi nyekundu imeishia wapi. Ramani hizo zikaonyesha maumbo ambayo macho hayakuyaona. Mwishowe jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali likaketi na kuamua kwamba rangi ya pili iondolewe, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa bado ipo chini yake, na kwa sehemu kubwa ikiwa katika hali nzuri. Tena kulikuwa na bahati ambayo naiona kuwa neema: katikati ya tabaka hizo mbili palikuwa na vanishi ya kale, na vanishi hiyo ndiyo iliyowapa mafundi mahali pa kupitisha kisu bila kuijeruhi kazi ya asili.

Nataka nikae kidogo kwenye uamuzi huo, kwa sababu ndio uliobishaniwa zaidi niliporudi nyumbani.

Marcus van Vaernewijck, mwandishi wa Ghent wa karne ya 16, ameeleza kwamba mwaka 1550 wachoraji wawili wenye heshima kubwa, Lancelot Blondeel na Jan van Scorel, walikabidhiwa mchoro huo wauoshe, nao wakaifanya kazi hiyo kwa upendo mkubwa hata wakawa wanaubusu mchoro mahali pengi. Siwatwiki wao rangi ya pili. Ninachokishika katika habari hiyo ni ile busu. Tumezoea kudhani kwamba vitu vitakatifu huharibiwa na maadui zake, na ni kweli kwamba mwaka 1566, wavunja sanamu walipoingia kanisani, mchoro huo ulinusurika kwa kufichwa mnarani. Lakini uso wa Mwanakondoo haukufutwa na adui. Ulifunikwa na mtu aliyeupenda, aliyeuona umechakaa na labda umekuwa mgeni machoni pa watu wa zama zake, akaamua kuusaidia. Alimpa macho yaliyokaa pembeni kama ya kondoo wa malishoni, akampa pua ndefu na sura ya upole isiyomsumbua mtu. Alifanya kwa ustadi. Na kwa kufanya vile aliwanyima watu wa karne nne na nusu uso ambao Van Eyck aliwapa.

Mwandishi huyohuyo anaeleza kwamba mchoro ulikuwa pia na sehemu ya chini kabisa, iliyoonyesha jehanamu, iliyochorwa kwa rangi za maji, na kwamba wachoraji wasiojua kazi waliiosha wakaiharibu. Hiyo hakuna kisu cha kuirudisha. Ukiyaweka matukio hayo mawili pamoja, utaona kwamba kupenda hakutoshi na ustadi nao hautoshi. Fundi wa ukarabati anahitaji jambo la tatu, ambalo ni kukubali kwamba huenda amekosea, na kwa hiyo kuifanya kazi yake kwa namna ambayo atakayekuja baada yake ataweza kuitengua. Wale wanawake wenye makoti meupe, baada ya kuondoa rangi ya pili, walipaka vanishi mpya, kisha mashimo madogo yaliyobaki wakayajaza kwa rangi zinazoweza kuyeyushwa na kuondolewa bila kuigusa rangi ya Van Eyck. Kila walichokiongeza kimewekwa kwa kusudi la kuweza kutoka. Kila walichokiondoa kimepigwa picha na kuandikwa kabla ya kuondolewa. Naliona hilo kuwa tendo la unyenyekevu mkubwa kuliko ile busu.

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, tunayokutana nyumba kwa nyumba kila juma, nilionyesha picha nilizokuwa nazo kwenye simu baada ya kusali rozari. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alizitazama kwa makini, akavaa miwani, akavua, akaniuliza swali ambalo sikulikuta katika maelezo yoyote ya makumbusho.

"Mwanangu, sasa wale waliosali mbele ya huyu wa kwanza, huyu mpole, miaka yote hiyo, walisali bure?"

Mwenyekiti wetu alimjibu haraka kwamba mtu hasali kwa rangi, anasali kwa Mungu. Ni jibu sahihi, na ndilo Kanisa limekuwa likilifundisha tangu Mtaguso wa pili wa Nisea wa mwaka 787, uliosema kwamba heshima anayopewa mchoro humfikia yule aliyechorwa. Hata hivyo nilihisi kwamba swali la mama lilikuwa limekwenda mbali zaidi ya jibu. Uso mpole ulioondolewa ulikuwa umeshakuwa sehemu ya historia ya sala za watu. Kuuondoa ni kuondoa ushahidi wa jinsi watu wa karne ya 16 walivyomwona Kristo, na hilo ni jambo la kujutia hata kama ni la lazima. Naamini waliamua sawasawa, kwa sababu wa asili alikuwa hai chini yake. Kama Van Eyck angekuwa amekwaruzwa akaisha, na aliyebaki ni yule mpole peke yake, ningetaka mpole aachwe na atunzwe kama yeye ndiye Mwanakondoo.

Mtu wa pili niliyetaka kusikia maoni yake ni mzee mmoja mwenye karakana Kariobangi, ambaye kazi yake ni kupaka rangi upya sanamu za watakatifu za parokia nyingi za upande wa mashariki ya jiji. Nilimkuta na Bikira Maria wa plasta, urefu wa mtoto wa miaka mitano, amemlaza juu ya gunia. Ilikuwa ni mwezi wa saba, na waliomleta walitaka awe tayari kwa sikukuu ya Kupalizwa, tarehe 15 Agosti. Ncha ya pua ilikuwa imekatika, na palipokatika ungeweza kuhesabu enzi za maparoko: buluu ya anga juu, chini yake buluu iliyoiva, chini yake rangi ya maziwa, kisha nyeupe ya plasta yenyewe. Mzee alikuwa na msasa, kopo la rangi ya mafuta na chupa ya thina, na alikuwa anaenda kuanza.

Nilimweleza habari za Ghent, za kisu na hadubini, za sehemu isiyozidi ukucha. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akasema:

"Hao wana kitu kimoja, na hakuna kingine duniani. Mimi huyu mama yenu anabebwa kwenye maandamano, anaguswa na watoto, ananyeshewa. Nikimrudisha na makovu, waumini watasema padri amelala. Si kazi moja hiyo."

Nilikubali kwamba si kazi moja. Sanamu ya plasta iliyotoka katika kalibu moja na mamia ya wenzake haina deni lilelile kwa aliyeiunda. Lakini nilimuuliza, je, huwa anakumbuka rangi aliyoikuta kabla ya kuifunika? Alimgeuza Maria taratibu, akanionyesha chini ya kitako, mahali ambapo plasta imeachwa wazi. Palikuwa na maandishi ya penseli: mwaka, aina ya rangi, na neno "macho hayajaguswa". Yalikuwa ya mkono wake mwenyewe, kutoka mara ya mwisho sanamu hiyo ilipopita kwake. Juu yake palikuwa na maandishi mengine yaliyofifia, ya fundi aliyemtangulia, ambaye sasa ni marehemu.

"Macho mimi siyagusi," alisema. "Aliyeyachora alijua kazi. Nikiyapaka mimi atakuwa anaangalia kama mimi."

Nimesoma kumbukumbu za mikutano na ripoti kadhaa za wataalamu wa ukarabati tangu nirudi, na sijakuta maelezo ya kanuni yao yaliyo wazi kuliko hayo.

Macho ndiyo yaliyozua kelele zote baadaye. Mbao za chini zilirudishwa kanisani Januari 2020, na picha za uso wa Mwanakondoo zilipoenea mitandaoni, watu wengi duniani waliucheka. Walisema ni kondoo mwenye uso wa binadamu. Mimi nilichukizwa na kicheko kile, na bado nakiona kuwa cha watu ambao hawakusimama hata dakika moja kujiuliza. Mwanakondoo wa Van Eyck ana macho yaliyoelekea mbele, makubwa, yaliyokaa karibukaribu, na mdomo mdogo uliofungwa. Anamtazama aliye mbele yake. Kumbuka kwamba mchoro ule haukutengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa makumbusho. Uliwekwa juu ya madhabahu, na aliyesimama mbele yake alikuwa padri akiinua hostia na kalisi, huku kalisi nyingine ikipokea damu ndani ya mchoro. Kondoo wa kawaida, mwenye macho pembeni, hawezi kumtazama mtu usoni. Huyu anaweza, na anafanya hivyo akiwa anatokwa damu, bila kulalamika na bila kugeuza shingo. Kama ni uso wa binadamu, basi mchoraji aliijua katekisimu yake.

Habari nyingine za mchoro huu zimeandikwa sana na sitakaa juu yake. Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa yalichukua mbao za katikati yakazipeleka Paris, zikarudi baada ya Napoleon kushindwa. Mbao sita za pembeni ziliuzwa zikaishia Berlin, ambako mwaka 1894 zilipasuliwa kwa msumeno katikati ya unene wake ili pande zote mbili zionyeshwe kwa pamoja, jambo ambalo kila nikilifikiria linanitia baridi. Mwaka 1934 wezi waliiba mbao mbili usiku, moja ikarudishwa, na ile ya Waamuzi Waadilifu haijapatikana mpaka leo. Iliyopo mahali pake ni nakala iliyochorwa na Jef Van der Veken. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliuficha mchoro katika mgodi wa chumvi wa Altaussee huko Austria, ukaokolewa mwaka 1945. Yote hayo ni makubwa, na filamu zimetengenezwa juu yake. Kwangu mimi hayazidi kile kilichotendeka kimyakimya kwa brashi.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Ulaya na sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu nasi tunayo. Katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Wafiadini Wote, Murang'a, mwendo mfupi tu kutoka Nairobi kwa barabara ya Thika, kuna michoro mitano mikubwa ya ukutani iliyochorwa na Elimo Njau katika miaka ya 1950. Ni yeye aliyekuja baadaye kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi. Inaonyesha maisha ya Kristo kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, na Kristo huyo ni Mwafrika, amezaliwa na kuteswa katika mandhari ya milima na mashamba ya kwetu, katika jimbo lililokuwa ndani ya machungu ya hali ya hatari ya wakati huo. Ni kazi ya imani na ya ujasiri. Ina umri wa zaidi ya miaka 60, na ukuta, tofauti na ubao, hauwezi kuhamishiwa nyuma ya kioo.

Siogopi kwamba atatokea adui wa michoro ile. Ninachokihofia ni mtu anayeipenda, mwenye kopo la rangi na nia njema, ambaye siku moja kabla ya sherehe fulani ataona mahali palipofifia na kuamua kupasaidia. Hakuna kinachohitaji pesa za Ubelgiji ili kumzuia. Kinachohitajika ni picha nzuri za kila mchoro, zilizopigwa sasa hivi kwa mwanga mzuri, zikatunzwa zaidi ya mahali pamoja; ni daftari linaloeleza nani aligusa nini na lini; na ni agizo la maandishi kwamba hakuna brashi itakayopanda ukutani kabla ya mtu aliyesomea uhifadhi kuitwa, na Nairobi watu hao wapo. Kwa sanamu za plasta, penseli ya yule mzee wa Kariobangi inatosha, na ningependa kila parokia iidai kutoka kwa kila fundi.

Nimekuwa nikiufuatilia mchoro wa Ghent kutoka hapa nyumbani kupitia tovuti ya Closer to Van Eyck, ambayo imeweka picha zake zenye ukubwa wa ajabu, za kabla, za wakati wa kazi na za baada. Bando halitoshi sana, kwa hiyo huwa naziangalia usiku nikiwa na intaneti ya jirani aliyeniruhusu. Unaweza kusogelea hadi ukaona kila uzi wa sufu ya Mwanakondoo, na ukafungua picha ya eksirei ubavuni mwake ukaona risasi ya rangi nyeupe iliyofanya mwili wake. Kwenye upeo wa macho, nyuma ya madhabahu, kuna majengo ambayo yalikuwa yamefunikwa na yamerudi. Mimi hupenda zaidi nyasi: chini ya kila mguu wa hujaji kuna mimea iliyochorwa jani kwa jani, na mtaalamu wa mimea anaweza kuitaja kwa majina.

Tangu mwaka 2023 mafundi wamekuwa kwenye sehemu ya juu, yenye Mungu aliyeketi katika joho jekundu, Bikira Maria upande mmoja na Yohana Mbatizaji upande wa pili, malaika wanaoimba na wanaopiga kinanda, kisha Adamu na Hawa pembezoni. Malaika waimbaji ndio ninaowasubiri, kwa sababu midomo yao imechorwa kila mmoja kwa umbo lake, na ninaamini rangi ikisafishwa mwanakwaya ataweza kujua nani anaimba sauti ya kwanza na nani yuko sauti ya chini. Mdogo wangu amekwishamaliza masomo na kurudi Nairobi, na safari hii ni yeye anayenisukuma twende tukauone mchoro wote ukiwa mahali pake kanisani. Nauli tumeanza kuiweka kidogo kidogo kwenye chama. Yule mama wa jumuiya, aliyeuliza kuhusu sala za watu wa kale, amesikia habari hizo, na ameniomba niulizie kama kanisa lile huwa na misa ya asubuhi.